Vipande Hamsini vya Manusiu

Kila mwanamke wa kijiji kile cha kisiwani alikuwa na kitu chini ya godoro. Wengi walikuwa na mikeka ya mkadi, wachache walikuwa na mablanketi waliyotumiwa na watoto wao kutoka Auckland. Manusiu alikuwa na launima. Launima ni kitambaa kimoja cha magome ya mti yaliyogongwa kwa nyundo juu ya gogo mpaka yakalainika, kipana kuliko chumba, chenye vipande hamsini vilivyoungana. Ukikitandaza kutoka mlango wa kanisa, kinafika barabarani. Kila kipande kina namba yake pembeni, imeandikwa kwa rangi nyeusi isiyofutika, moja, mbili, tatu, hadi hamsini. Kijiji kizima wenye launima walikuwa wanne, na watatu kati yao walizirithi. Manusiu aliigonga yake mwenyewe.

Alikuwa na sababu. Siku alipoolewa na Uaisele seremala, alikuja na mikeka miwili tu, na mmoja ulikuwa na kiraka. Baba yake alikuwa wa kisiwa kidogo cha mbali, hana shamba. Toakase, dada mkubwa wa Uaisele, aliinua ile mikeka kwa vidole viwili mbele ya watu akasema, "Kaka yangu kaoa mikono mitupu." Watu wakacheka. Manusiu hakulia. Aliitazama mikono yake, akaona ndiyo mtaji alionao, akaanza kuuzungusha.

Alikwenda kwa wenye miti ya magome akapatana nao: siku mbili za kugonga, mzigo mmoja wa magome. Wengine walitaka siku tatu. Aliwaacha, wakamrudia wenyewe, kwa sababu hakuna aliyegonga magome yakawa mapana na mepesi kama yeye bila kuyatoboa. Baadaye akaingia katika kikundi cha wanawake kumi. Kikundi kinafanya kazi kwa zamu: mwaka huu wote mnamuungia huyu, mwaka ujao yule. Aliisubiri zamu yake mpaka ya mwisho, na alipofikiwa alikuwa na magome mengi kuliko wenzake wote. Miaka kumi na mitano tangu kuolewa, launima ikalala chini ya godoro lake.

"Sasa mikono imejaa," alimwambia mumewe.

"Na mimi mgongo umeinuka," Uaisele akajibu. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Kitanda kimekuwa kirefu."

Kuhusu Toakase lazima ieleweke jambo moja. Kwa watu wale dada yuko juu ya kaka, na yuko juu ya watoto wa kaka, na mke wa kaka ndiye wa chini kabisa. Dada huyo huitwa fahu. Akitaka nguruwe wa kaka yake anamchukua, akitaka mkeka anaukunja na kuondoka nao, na kwenye msiba yeye ndiye anayekaa kichwani pa maiti na kupokea kilicho bora. Lakini haki hiyo ina uzio wake. Kaka na dada wakishakua hawakai chumba kimoja, hawalali chini ya paa moja, wala hawataniani. Kwa hiyo Toakase, ambaye angeweza kuchukua chochote katika nyumba ile, hakuwahi kuingia ndani hata siku moja Uaisele akiwa hai. Alisimama kwenye uzio na kumtuma mtoto. Launima aliijua kwa kuisikia.

Sasa tufike kwenye kosa. Losaline, binti pekee wa Manusiu, alipata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo, lakini nauli hakuwa nayo. Wiki hiyohiyo akaja mke wa mchungaji mmoja kutoka Auckland kutafuta vipande vitano vya magome kwa harusi. Hakutaka kumi wala hamsini, vitano tu, tena leo, na alikuwa tayari kulipa nauli nzima.

Launima ikikatwa si launima tena. Hilo kila mtu analijua, kama mnavyojua kwamba shilingi iliyotobolewa haipiti dukani. Manusiu naye alilijua. Lakini alikuwa mtu wa kupatana, akakaa kitandani akafikiri kama mfanyabiashara. Watu wakitandaza launima hutazama wapi? Hutazama mwanzo waone moja, na mwisho waone hamsini. Nani anayehangaika na katikati? Akafunga mlango. Akakata kuanzia ishirini na nane hadi thelathini na mbili. Kisha akaiunga ishirini na saba na thelathini na tatu kwa kiazi kilichochemshwa nusu, kama wanavyounga siku zote, akaipaka mistari juu ya kiungo mpaka yeye mwenyewe akapata shida kukiona.

Losaline akaenda. Uaisele akalalia vipande arobaini na vitano kwa miaka tisa akidhani analalia hamsini.

Alikufa Jumanne, kifua. Mpaka mchana uwanja ulikuwa umejaa turubai, wanaume wanachimba mashimo ya kuokea nguruwe, na kwaya imeshaanza. Losaline alipiga simu.

"Mama, likizo hawanipi. Nimewaomba, wamesema wauguzi hawatoshi."

"Hata ya kuzika?"

"Nimetuma mashada ya maua, Mama. Na blanketi. Yatafika na ndege ya kesho."

"Haya," Manusiu akasema. Akakata simu kwa sababu simu yenyewe ilikuwa ya jirani.

Jumatano asubuhi, mvua ikinyesha, aliingia chumbani peke yake kuitoa launima. Alivaa mkeka mkubwa uliochakaa, unaoanzia chini ya magoti na kufika juu ya masikio, kama inavyompasa mtu wa chini kwenye msiba, na mkeka huo ulimzuia hata kuinama. Alivuta mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katikati mkono wake ukapita ukatokea upande wa pili.

Mende walikuwa wamekula kiungo chote. Kiazi cha kuungia ni chakula, na mende hawajui msiba. Ishirini na saba ilikuwa huku, thelathini na tatu kule, zimeshikana kwa nyuzi chache kama jino la mtoto. Wanawake wangeishika ncha na kuiburuta uwanjani, kama desturi ilivyo, nayo ingekatika mbele ya kijiji kizima. Kuunga upya kulihitaji siku nzima ya jua, na jua halikuwepo.

Nje ya dirisha alimsikia Vaisioa, mkubwa wa kikundi chao, akiwachekesha wenzake jikoni.

"Leo tunaiona hamsini yetu! Mimi mgongo wangu umebaki kwenye kumi na nane. Mkifika hapo mkanyage polepole."

"Na mimi talaka yangu iko kwenye arobaini," mwingine akadakia. "Mume alisema chagua, mimi au gogo. Nikachagua gogo, halikoromi."

Wakacheka kwa kuziba midomo. Manusiu alikaa sakafuni. Angeweza kusema launima haipo, lakini wanawake tisa waliigonga. Angeweza kutoa mikeka tu, na ingesemwa kamnyima mumewe. Alipanga na kupangua, na kila hesabu ilimrudisha kwa mtu mmoja.

Toakase alikuwa chumba cha mbele, kichwani pa maiti, amevaa mkeka mwembamba laini wa mwenye cheo. Alikuwa ndani ya nyumba ya kaka yake kwa mara ya kwanza. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama kuta, rafu, meza ambayo Uaisele aliitengeneza, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyesimuliwa mahali kwa miaka hamsini. Manusiu alisubiri waimbaji watoke kula, akatambaa hadi kwenye miguu ya maiti.

"Wifi."

"Sema."

"Launima haijatimia."

Toakase hakugeuza kichwa. "Imepungua ngapi?"

"Vitano. Katikati. Nilimsafirishia Losaline. Na pale nilipounga pameachia."

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Na yeye?" Akaonyesha maiti kwa kidevu.

"Hakujua."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Manusiu alikuwa amekuja na bei yake tayari. "Nina nguruwe wawili wakubwa, wifi. Nina mkeka mwembamba wa mama yangu. Chukua vyote, useme tu kwamba launima hukuitaka, umeniachia mjane."

"Unanipangia bei?" Toakase akasema kwa sauti ya chini. "Hapa ni sokoni? Nguruwe wako nikiwataka nitawachukua, na mkeka nitauchukua, na wewe utasema asante. Huwezi kuninunua kwa kitu ambacho tayari ni changu."

Katika maisha yote ya Manusiu ya kupatana, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukosa cha kuweka mezani.

"Ondoka," Toakase akasema. "Na uikunje vizuri."

Alhamisi msemaji wa familia alisimama chini ya turubai akatangaza vitu vilivyoletwa: mikeka, mapipa ya nyama, nguruwe, viazi vikuu. Mwisho akapandisha sauti. "Kutoka kwa mjane! Launima moja!"

Uwanja ukaguna. Wanawake sita wakaibeba ikiwa imekunjwa, Vaisioa mbele, kichwa juu kama bwana harusi. Waliiweka mbele ya Toakase, namba moja ikaonekana. Vaisioa akashika ncha, akaanza kuvuta. Mbili. Tatu. Nne. Manusiu alikuwa amekaa nyuma na wa jikoni, mkeka umemfika usoni. Alikuwa anahesabu. Saba. Nane.

Toakase akainua mkono.

"Inatosha. Ikunjeni."

"Mama, hatujafika hata kumi," Vaisioa akasema.

"Nimesema ikunjeni. Sichukui. Iende na kaka yangu, itandikwe kaburini hivyohivyo ilivyo."

Watu wakatazamana. Launima haizikwi na seremala. Launima huzikwa na wakubwa, watu ambao barabara hufungwa kwa ajili yao. Kisha mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huo ndio upendo wa dada," na mwingine akasema, "Na wa mke," na wote wakaanza kulia upya. Vaisioa ndiye pekee aliyebaki na ncha mkononi. Alimtazama Toakase, kisha akageuka akamtazama Manusiu, muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Akaikunja.

Jeneza likashuka juu yake. Mchanga mweupe ukafuata. Kazi ya miaka kumi na mitano ilifunikwa kabla chai haijapoa, na kisiwa kizima kikamsifu Manusiu kwa kitu ambacho hakukitoa. Wanawake walimbusu mashavuni. Alizipokea zile sifa kama mtu anayepokea chenji iliyozidi, akijua mwenye duka amemwona.

Siku ya kukata nywele, ambayo ndiyo hufunga msiba, wa chini wote walikaa kwenye mkeka uwanjani nywele zimeachiwa. Toakase alipita na mkasi. Alipomfikia Manusiu alizikusanya nywele zote kwa mkono mmoja na kumnong'oneza akiwa nyuma yake.

"Usidhani nilikuficha wewe. Nilimficha yeye. Sikuweza kukaa naye chumba kimoja miaka yote hii, halafu siku ninayokaa naye watu wamcheke?"

"Najua, wifi."

"Sasa nadai yangu. Fahu hakupokea launima kwenye msiba huu. Utaigonga nyingine. Hamsini, na katikati nitaitazama mimi mwenyewe."

"Wifi, nina miaka sitini na minane. Kikundi kimebaki watu watatu, wengine wako Auckland."

"Ulikuja na mikono mitupu ukaijaza," Toakase akasema, na mkasi ukafunga. "Bado unayo."

Nywele zilianguka mapajani, nyingi nyeupe.

Losaline aliposikia alitaka kutuma kitambaa cha kiwandani, kile ambacho siku hizi watu huweka ndani badala ya magome. Ni chepesi, kinakwenda haraka, na ukishakipaka rangi hakuna anayejua.

"Yeye atajua," Manusiu akasema. "Atapitisha kidole."

"Basi mwambie ukweli hadharani yaishe, Mama."

"Halafu nikafukue kaburi niwaonyeshe?"

Kimbunga cha mwaka uliopita kilikuwa kimelaza nusu ya miti ya magome. Alipanda upya, akasubiri mwaka mzima, akavua magome, akayaanika. Zamani wanawake kumi waligonga gogo moja, ukasikia kijiji kizima kama moyo wa mtu anayekimbia. Sasa ilikuwa nyundo moja, inapiga, inapumzika, inapiga. Vaisioa aliacha kuja baada ya mwezi. Alisema ni mgongo.

Sasa imepita miaka mitatu, na kila Jumamosi Toakase hupita na kusimama kwenye uzio. Nyumba sasa ingemruhusu, kaka hayumo, lakini haingii.

"Imefika ngapi, wifi?"

"Kumi na moja."

"Endelea."

Manusiu amepiga hesabu, kwa kuwa hesabu haijawahi kumwacha. Kwa mwendo huu, hamsini itafika baada ya miaka saba. Yeye atakuwa na miaka sabini na minane. Toakase ni mkubwa kwake kwa miaka sita, na anapumua kwa kukoroma. Mmoja wao atatangulia na kutandikiwa vipande vitakavyokuwa tayari, na watu watasimama kaburini na kuzisoma namba, na zitaishia pale zitakapoishia. Akaloweka gome la kumi na mbili.