Kiti Alichokalia Mkwe

Kuna aibu ambazo mtu huzika zikaota nyasi, na kuna hii yangu, ambayo mpaka leo nikipita sokoni Kiptere lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Karani, leo umekuja na kiti?" na watu wanacheka, na mimi nacheka pia, kwa sababu nifanye nini? Basi acheni niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wale walioitia chumvi.

Miaka hiyo nilikuwa karani wa kupima majani katika shamba moja la chai upande wa Kericho, kijana niliyetoka kwetu ziwani na mashati mawili na kiburi cha watu watatu. Msimamizi mmoja Mzungu, alipokuwa anarudi kwao, aliniachia kamera yake, kisanduku cheusi chenye jicho mbele na kidirisha chekundu nyuma cha kuonyesha namba ya picha. Ukishapiga unazungusha kitufe ubavuni mpaka namba inayofuata itokee, na ukisahau kuzungusha hakuna wa kukukumbusha (shikeni hilo). Taa sikuwa nayo, nilikuwa na jua tu, na jua la Kericho ni mgeni wa asubuhi, ikifika saa nane mchana mvua imeshalifukuza. Kwa hiyo nilijifunza nuru kama wenzangu walivyojifunza ng'ombe: ipi tulivu, ipi ina pembe.

Rafiki yangu Okelo, mchochea moto wa kiwandani, alipata mtoto wa kwanza, binti, na mama wa mkewe akasafiri kuja kumwona. Tulimwita Min Atieno, yaani mama yake Atieno. Alilala kwa mjane mmoja kule mwisho wa laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, maana kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Hawatazamani usoni, hawapokezani kitu, na kiti alichokalia mmoja mwenzake hakikalii. Si chuki, ni heshima iliyokua mpaka ikawa ukuta.

Atieno alinijia, mtoto mgongoni. "Shemeji, nipigie mama picha. Anasema magoti yamekataa, huku hatarudi tena. Huyu mtoto atamjua nyanya yake kwa maneno matupu?"

Nikamwahidi. Jumamosi, Okelo angekuja saa tatu na koti jeusi aliloazima kwa mwalimu wa sala, nimpige aondoke, kisha mama aje saa nne. Niliweka kiti mbele ya banda la kupimia majani, juu ya mbao kwa sababu ya tope, nikakihamisha huku na huku karibu nusu saa mpaka ukuta mweupe wa upande wa pili ukarudisha nuru laini kwenye uso wa mtu, kamera nikaituliza juu ya sanduku la chai. Okelo akakaa, kifua mbele, mkali kama aliyeitwa na polisi. Nikapiga.

Kabla sijagusa kitufe, sauti ya Atieno ikasikika nyuma ya banda, "Polepole, mama, kuna utelezi." Walikuwa wamewahi! Okelo aliruka kutoka kitini na koti la watu, akajitupa ndani ya chai iliyolowa umande, majani yakamfunika, ukaonekana mgongo tu ukienda kama nguruwe pori, na mimi na wachuma chai waliokuwa pale tukacheka mpaka machozi, na katika kicheko hicho kitufe kikanitoka kabisa kichwani.

Min Atieno akafika, mdogo, kitambaa cheupe kichwani, akasimama mbele ya kiti.

"Mwanangu, hiki kimekaliwa na nani?"

Nikatazama juu. Wingu zito lilikuwa linatoka upande wa Sotik. Kwenda kuazima kiti kingine, kurudi, kutafuta tena mahali pake, nuru ingekuwa imekwisha.

"Hakuna mtu, mama."

Akakaa. Uso ule! Utulivu ule! Nikapiga, nikajiona fundi wa dunia nzima.

Filamu niliituma Kisumu kwa Mhindi wa kusafisha picha, ikarudi baada ya wiki mbili, siku moja kabla ya Min Atieno kuondoka. Mtu mwenye akili angefungua bahasha chumbani kwake. Mimi niliipeleka imefungwa mpaka kwenye sala ya Jumapili, na watu walipotoka nje nikampa mwalimu aifungue mbele ya wote (kiburi, nimeshawaambia). Mwalimu akatoa picha ya kwanza, akaitazama, akafuta miwani, akaitazama tena. Jirani yetu arap Chumo, mchunga ng'ombe wa shamba, akachungulia begani kwake.

"Wee karani! Huyu mama amekalia nani?"

Picha ikapita mikononi, picha mbili zilizolaliana kwa sababu ya kitufe nisichozungusha. Okelo alikuwa kitini na koti lake jeusi, na juu ya koti, wazi kabisa, uso wa mama mkwe wake kifuani pake, kana kwamba amempakata. Arap Chumo, ambaye hata kwao mkwe ana adabu zake, akafunika mdomo kwa kiganja. Okelo alikuja kuona watu wanatazama nini, akaona, akageuka akakimbilia kwenye chai kwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyecheka.

Min Atieno akanyoosha mkono, akapewa. Akaitazama muda mrefu.

"Karani, nilikuuliza kuhusu kiti."

"Uliniuliza, mama."

"Ukanijibu nini?"

"Nikasema hakuna mtu."

Akanirudishia picha. "Basi kisanduku chako kimelelewa kuliko wewe. Chenyewe kimesema kweli."

Nyinyi mngeenda wapi? Filamu nyingine sikuwa nayo, mvua ilikuwa imeanza, na alfajiri yake aliondoka na gari la kusomba chai bila kunipa mkono. Nilikuwa nashika kiberiti niichome ile picha Atieno aliponikuta, macho mekundu.

"Usichome, shemeji."

"Aibu yote hii?"

"Ni aibu. Lakini ndani yake yumo mama." Akaweka kidole gumba juu ya uso wa mumewe, akamwonyesha mtoto.

Min Atieno hakurudi, kama alivyosema, na mwaka uliofuata tulipata habari kwamba ametutoka. Picha nyingine yake haipo duniani. Okelo hajaitazama tena, lakini juzi nilikuwa kwao binti yake alipoitoa sandukuni, akamwuliza, "Baba, nyanya yuko wapi hapa?" Okelo akainua macho kwenye dari, akaweka mkono kifuani.

"Hapa," akasema.

Tangu siku ile nazungusha kitufe kabla hata ya kupumua, na mzee akiniuliza kiti kimekaliwa na nani, namtajia jina, hata kama jua linakufa.