Rozari ya Getruda Juu ya Ziwa

Getruda aliujua umbali wa Mwanza na Bukoba kwa kipimo kimoja tu: usiku mzima wa meli. Mnapanda jioni, mnasali, mnakula ndizi mlizofungasha, mnalala mmebanana, na kukicha mmefika. Ndivyo dada yake Teodora alivyopanda mwaka juzi, akitoka Bukoba kuja kumsalimia. Meli ikazama asubuhi, Mwanza ikiwa pale pale, Getruda naye anamsubiri bandarini. Mwili wa Teodora haukuonekana.

Tangu hapo safari ndefu haikumtisha. Kilichomtisha ni kukaribia kufika.

Sasa mama yao alikuwa hoi Bukoba. Ujumbe ulikuja kwa simu ya parokia: anamwita Getruda, na hali yake si ya kungoja. Basi lilizunguka mbali kupitia misitu yenye majambazi. Mwanawe Jonathan, aliyefanya kazi kiwanda cha minofu ya samaki kule Nyakato, akamkatia tiketi ya ndege, mojawapo ya hizi ndogo za watu binafsi zilizoanza kuja.

"Hata saa nzima haifiki, mama. Rozari yako hutaimaliza."

"Nitaimaliza. Matendo yote kumi na matano."

Alikwisha kupanga moyoni: sala za matendo matano ya furaha wakati wa kupaa, matano ya uchungu katikati ya ziwa, na matano ya utukufu wakati wa kushuka, maana hapo ndipo atakapomhitaji Mungu zaidi.

Ndege ikapaa. Getruda akafumba macho, midomo ikicheza. Kila ilipotikisika alikaza mkono.

"Mama, huo ni mkono wangu, siyo kiti," alisema jirani yake, Mhoja, mnunuzi wa kahawa.

"Nisamehe, baba."

"Shikilia tu. Mke wangu akiziona alama za hizo kucha, nitajua la kumwambia."

Akaendelea kusali. Alikuwa kwenye tendo la Yesu kubeba msalaba, bado hajagusa hata moja la utukufu, ndege ilipoinamisha pua.

"Tumekaribia," Mhoja akasema.

Getruda akafumbua macho. Nje ni maji matupu, nayo yanapanda kuja dirishani. Aliona mawimbi moja moja, akamwona mvuvi mtumbwini ameinua uso. Nchi kavu haionekani.

"Baba, mbona tunaingia majini?"

Mhoja naye alikuwa ameng'ang'ania kiti.

Salamu Maria ikampotea mdomoni. Likabaki jina moja. "Teodora," alinong'ona, "na wewe uliyaona hivi?"

Magurudumu yakagonga changarawe.

"Uwanja wenyewe uko ufukweni," Mhoja alisema, akijifuta jasho. "Kila safari wananiua hivi hivi."

Getruda alimkuta mama yake kitandani, amekuwa mdogo kama mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepita juu ya Teodora?"

"Nimepita."

Mama akaupapasa mkono wake, akaikuta rozari bado imebanwa kwenye punje moja.

"Umefikia wapi?"

"Kwenye msalaba, mama. Njia imekuwa fupi."

"Hata yangu. Nimekaribia, Getruda, na ninaogopa. Matendo ya utukufu usinianzishie ukiwa mbali. Sogea hapa."

Getruda akavua viatu, akapanda kitandani, akamlaza mama kifuani, wakamalizia kwanza ule msalaba.