Mke Wangu Alinitangulia Angani

Nilikuwa nimefundisha matabaka ya angahewa kwa miaka mingi kabla mke wangu hajapanda ndege. Kila mwaka, katika shule ya sekondari ninayofundisha Kilwa Masoko, nilichora dunia ubaoni na kuizungushia mistari: troposfia, stratosfia, mesosfia, themosfia, eksosfia. Niliwaeleza wanafunzi kwamba katika tabaka la chini, kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopoa. Waliotoka Kipatimu walinielewa upesi, maana kwao milimani asubuhi watu wanavaa sweta wakati sisi pwani tunajipepea. Mimi mwenyewe sikuwahi kupanda juu zaidi ya vilima hivyo.

Mke wangu ni muuguzi wa zahanati. Mwaka juzi alichaguliwa kwenda mafunzo Mwanza, akakatiwa tiketi ya ndege kutoka Dar es Salaam. Alinipa habari akiwa anakuna nazi.

"Mwalimu, naenda huko kwako juu," akasema, anacheka.

Nikampa hongera. Lakini chakula cha jioni ile hakikunishuka.

Aliporudi, watoto walimzunguka mkekani na yeye akaanza kusimulia. Mawingu aliyaacha chini, meupe kama pamba iliyochambuliwa. Rubani alitangaza kwamba nje kuna baridi ya nyuzi thelathini na kitu chini ya sifuri. Kisha akafungua begi na kunipa chupa tupu ya maji, ya plastiki, imebonyea ubavuni kama iliyokaliwa.

"Nilikunywa maji huko juu nikaifunga. Tulipotua nikaikuta hivi, na sikuiminya. Nikasema hii zawadi ya mume wangu."

Nilijua sababu. Kule juu hewa ni nyepesi, hata ndani ya ndege. Huku chini ni nzito, ndiyo iliyoibonyeza. Jambo hilo nimelisomesha kwa chaki tangu ujana wangu, na sasa nilikuwa nimelishika mkononi kwa mara ya kwanza, tena limeletwa na mtu ambaye shuleni alilikimbia somo la jiografia.

"Yaani baba, mama kafika stratosfia!" akasema binti yetu mkubwa.

"Hajafika," nikajibu. "Huku kwetu karibu na ikweta troposfia inapanda hadi kilomita kumi na sita na zaidi. Ndege yake haikufika huko. Alikuwa bado tabaka la chini, pamoja na sisi."

Nilichosema kilikuwa kweli tupu. Lakini mke wangu aliacha kusimulia, akaanza kukunja nguo zake.

Habari zikafika shuleni kupitia kwa binti huyo huyo. Nikiwa katikati ya kipindi, msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe umewahi kupanda ndege?"

"Bado."

"Basi mama aje atuhadithie."

Nikasema ana kazi nyingi. Wakamfuata wenyewe zahanati, naye siku yake ya mapumziko akaja, kajifunga kitenge kipya. Darasa zima likasimama: "Shikamoo, mama!" Mimi nikaegemea ukuta wa nyuma, nimekunja mikono.

Alisimulia vizuri kuliko nilivyopenda. Vijana wanaosinzia kwenye vipindi vyangu walikaa wima. Mwisho akasema, "Nilidhani nimefika tabaka la pili. Mwalimu wenu akanirudisha la kwanza." Wakaangua kicheko. "Sasa mwulizeni kwa nini huku kwetu tabaka hilo ni refu hivyo."

Nikaenda mbele, nikaeleza jinsi jua la ikweta linavyoichemsha ardhi, hewa ikatanuka na kupanda mbali kuliko kwenye nchi za baridi. Nilieleza vizuri. Hata hivyo macho yao yalikuwa yakirudi kwake, na kila yaliporudi moyo uliniuma.

Njiani kwenda nyumbani akaniuliza, "Umenuna?"

"Sijanuna."

"Una wivu."

Nikakiri: "Ninao. Ilikuwa safari yangu ile."

Hakucheka. Akaniambia jambo ambalo hakuwaambia wanafunzi: ndege ilipoacha ardhi alifumba macho, akamshika mkono mama wa pembeni asiyemjua, akawa anasoma kila dua anayoijua. Ndege ikaanza kurukaruka. Alifumbua macho walipokwisha kuvuka mawingu.

Nadhani alitaka kunipoza. Mimi niliuwaza ule mtikisiko, hewa ya joto ikipanda na kuisukuma ndege kutoka chini, nikautamani kuliko pamba yote ya mawingu. Hata hofu yake niliitaka iwe yangu.

Mwaka huu ameitwa tena Mwanza. Alfajiri nimembebea begi hadi stendi, nikampandisha basi la Dar. Kabla halijaondoka nikamgongea dirishani.

"Safari hii ndegeni ukae dirishani," nikamwambia, "na usifumbe macho."

"Nitajaribu," akasema.