Mama Mkwe na Makopo ya Nguvu

Miaka ile ya mwishoni mwa tisini tuliishi Kahama. Mume wangu alikuwa ananunua dhahabu kwenye machimbo ya Rwamgasa na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki na mama yake, mjane aliyependa mambo mawili: kulima mpunga na kunywa kahawa chungu. Mpunga aliruhusiwa. Kahawa, mganga wa zahanati alimwambia asizidishe kikombe kimoja asubuhi, kwa sababu moyo wake ulikuwa unakwenda mbio. Alitii, ila kwa wiki nzima hakumtaja yule mganga kwa jina lake. Alimwita "yule mtu".

Safari moja mume wangu alirudi na boksi la vikopo vyembamba. Alisema wachimbaji wanavigombania, vinaleta nguvu.

"Si kahawa?" mama aliuliza.

"Si kahawa, mayu," alimjibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Ni soda ya nguvu."

Asubuhi mama alikunywa kahawa yake, kisha kopo moja, akaenda shambani. Alipalilia sehemu yetu, akavuka mpaka akapalilia na ya jirani. Jirani alikuja kushukuru. Mama alimjibu kwamba hakuwa ameona mpaka.

Siku ya pili alikunywa makopo mawili. Kabla ya saa sita nilimkuta ameketi mlangoni, mkono kifuani, uji umemwagika kwenye kanga kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka. Nilikodi baiskeli na mwenye nayo, tukampeleka zahanati.

"Shikamoo mama. Umezidisha kahawa?" mganga aliuliza.

"Marahaba. Sijazidisha."

Alisema kweli. Nikatoa kopo kwenye mfuko wangu. Mganga aliligeuzageuza, akasoma maandishi madogo kwa muda mrefu.

"Hii ina kafeini, ile ile ya kwenye kahawa," alisema. "Halafu ina sukari nyingi. Kahawa yako ni ya moto, unainywa taratibu, na huweki sukari. Hii ni ya baridi na tamu, unaimeza yote mara moja. Na umeongezea juu ya kahawa."

Mama alifikiri.

"Kwa hiyo kahawa ina nafuu."

"Ikiwa kidogo. Hata hiyo, kwa moyo wako, ukizidisha itakusumbua."

"Nimesikia," alisema, na mimi nilijua amesikia nusu ya kwanza.

Alipumzishwa kitandani hadi alasiri, moyo ukatulia. Njiani kurudi alimweleza mwenye baiskeli kwamba daktari amesifu kahawa yake.

Mume wangu alikuwa amekaa ukumbini na kopo mkononi tulipofika. Nilimweleza yaliyotokea. Aliliweka chini bila kulimaliza, akamwomba mama yake radhi. Kesho yake alirudi Rwamgasa na boksi lake.

Tangu hapo, kila alipotaka kuja, alituma mtu kumuuliza mama aletewe nini. Jibu lilikuwa moja.

"Mwambie alete kitenge."