Injini ya Mama Pinto na Pipa la Mafuta ya Taa

Jumamosi, mwezi wa saba, 1957. Asubuhi ukungu umefunika ziwa, mchana manyunyu, na baridi ya kufanya vidole vishindwe kufunga kifungo.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu, lakini siku hiyo naikumbuka hata nikiwa nimelifunga. Mwanangu, umeniuliza mnunue jenereta ya petroli au ya dizeli, iwasaidie hapo mtaani Free Area stima ikipotea. Umeniuliza kwa sababu watu husema mzee wako alikuwa mtu wa injini. Ni kweli, na si kweli sana. Acha nikueleze, kisha wewe mwenyewe uone kama ushauri wangu unafaa kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeosha vyuma kwa miezi minane katika gereji moja mjini Nakuru, kisha nikaajiriwa nyumbani kwa Bwana Pinto, Mgoa aliyekuwa karani wa reli. Kazi yangu ilikuwa bustani, kuku, na chochote kilichoharibika. Mke wake, Mama Pinto, alifuga vifaranga katika chumba cha nyuma, chini ya balbu kubwa kubwa, maana kifaranga wa wiki moja bila joto hamalizi siku kwenye baridi ya mwezi wa saba. Mwaka uliotangulia stima ilipotea mchana mzima, na Mama Pinto akaokota wafu akajaza karai. Hakulia mbele yetu. Lakini aliacha kuimba jikoni, na Bwana Pinto akaona heri anunue injini ya kutoa stima.

Mzungu mmoja wa upande wa Njoro alikuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Alikuwa na injini tatu: moja ya petroli, moja ya dizeli, na ya tatu unaiwasha kwa petroli kidogo, ikishapata moto unageuza koki, inakunywa mafuta ya taa.

"Wewe ilikuwa gereji," Bwana Pinto akaniambia. "Sema. Mimi nunua ya mafuta gani?"

Neno "sijui" lilikuwa mdomoni kabisa, nikalimeza. Nikamwambia anipe siku mbili nifikirie, kama mtu mwenye mengi ya kufikiria.

Nikamwendea Singh, fundi wangu wa zamani. "Petroli," akasema, hata hakuinua kichwa. "Hiyo unavuta kamba, inaitika. Dizeli asubuhi ya baridi utazungusha hendeli mpaka mgongo ulie." Nikatoka hapo nikiwa mtu wa petroli. Njiani nikakutana na rafiki yangu Koech, dereva wa trekta, naye akanicheka.

"Petroli? Ndani ya stoo, ukuta mmoja na jiko la kuni? We bwana, unataka kuwachoma Wagoa wa watu! Chukua dizeli. Haili sana, na haishiki moto ovyo."

Nikawa mtu wa dizeli. Lakini kabla sijafika nyumbani nikamkumbuka Mama Pinto, mwanamke mdogo, mkono wake kama wa msichana wa shule. Siku ambayo nimetumwa sokoni, nani atazungusha hiyo hendeli? Kilichonichanganya kichwa ni kwamba Singh alisema kweli, na Koech alisema kweli. Kama mmoja wao angekuwa mwongo, kazi yangu ingekuwa rahisi.

Basi nikachagua ya tatu. Nikamwambia Bwana Pinto: mafuta ya taa, kwa sababu hayalipuki kama petroli, injini yenyewe ni nyepesi kuwasha, na tena pipa la mafuta ya taa tunalo tayari stooni. Hiyo ya mwisho niliisema kwa majivuno. Akafurahi, akainunua.

Sasa, nyuma ya nyumba ile kulikuwa na landi, vyumba vya wafanyakazi wa reli. Mama Pinto alikuwa amewaambia watu wa huko kwamba aliyeishiwa na mafuta ya taa aje na chupa. Mpishi, Mzee Ambrosi, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo na kopo la kupimia. Haya yote niliyajua. Mimi mwenyewe taa yangu niliijaza hapo hapo. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na mafuta ya watu na mafuta ya injini. Stooni kulikuwa na pipa moja.

Jumamosi ile stima ikapotea saa nane mchana. Nikatia petroli kwenye kikombe cha injini, nikavuta, ikaamka, balbu zikawaka. Mama Pinto akapiga makofi. Nikageuza koki ya mrija uliotoka kwenye pipa. Injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Nikafungua plagi, nikasugua. Nikapuliza mrija. Nikafungua na vitu ambavyo sikujua kazi yake. Saa nzima nilitafuta ugonjwa, na huko chumbani vifaranga walikuwa wamepandana kama majani yaliyofagiliwa, sauti zao zikipungua.

Mzee Ambrosi akaja na fimbo, akaitumbukiza ndani ya pipa, akaitoa kavu.

"Injini yako si mgonjwa," akasema. "Ina njaa."

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Umemuuliza Singh, umemuuliza mtu wa trekta. Mimi mwenye ufunguo tunalala ukuta mmoja, na hata habari ya asubuhi hunipi. Wiki hii maduka hayana mafuta, watu kumi na wawili wamekuja na chupa. Mama amesema mtu asirudishwe. Haya, fundi, niambie, ningemrudisha nani?"

Nikachukua debe niende landi nikayadai yale mafuta, chupa kwa chupa. Nilikuwa nimefika mlangoni Mama Pinto aliponizuia. Aprini yake ilikuwa imejaa vifaranga.

"Hapana. Kitu mimi nimepa, nimepa."

Nikaliweka debe chini. Kisha Mzee Ambrosi akasema polepole, kama anajiuliza mwenyewe, "Kama mafuta yako landi, si tuwapeleke vifaranga huko huko?"

Tukawagawa katika masanduku ya sabuni, kumi kumi, tukapita mlango kwa mlango. Kila chumba kilikuwa na taa, na vingine vilikuwa na jiko la makaa. Mama Atieno, mke wa fundi wa mabehewa, alinipokea akiwa na mtoto mgongoni.

"Fundi wa injini! Umeniletea watoto kumi, na baba yao yuko wapi?"

Landi nzima ikacheka. Akaiwasha taa mchana ule, akaisogeza kwenye sanduku.

Stima ilirudi kesho yake. Wengi walipona. Sitasema wote. Waliokufa walikufa katika ile saa niliyokuwa nafungua plagi, na hao nawahesabu kuwa wangu. Mzee Ambrosi angeweza kuniambia mapema, ni kweli, lakini siwezi kumwekea yeye mzigo huo.

Mwanangu, mpaka leo sijui kama nilichagua vibaya. Dizeli ingewaka siku ile, kwa maana nilikuwepo kuzungusha hendeli. Siku ambayo sipo, sijui. Ninachokijua ni hiki: mafuta yote matatu yana ubaya wake na uzuri wake, na muuzaji atakueleza yote. Lakini muuzaji haishi kwenu. Kabla ya kununua, waulize watu wa nyumba yako: nani atakuwepo stima ikipotea, nani ataiwasha, mafuta yatakaa wapi, na nani mwingine atayachota. Muulize hata msichana wa kazi, na yeye kwanza. Na mahali usipojua, sema hujui, mapema, kabla hakijafa kitu.

Mungu akupe nyumba yenye joto, na majirani ambao mlango wao unaweza kuugonga ukiwa na sanduku mkononi.

Jioni ile tulikula kwa Mama Atieno, mimi, Mzee Ambrosi, na akina Pinto wote wawili: ugali, kabichi na omena. Taa ilikuwa kwa vifaranga, kwa hiyo tulikula tukipapasa sahani.