Sare ya Kamembe

Papa yangu alikuwa fundi wa redio Bukavu, na alinifundisha sataranji dukani, wateja wakiwa wachache. Tuliporudi Rwanda baada ya vita tulipata nyumba Gihundwe, kando ya mji wa Kamembe, mkabala na Bukavu, nami nikaanza kufundisha hesabu. Jioni tulicheza barazani. Ng'ambo ya mpaka, Kongo, nako vita vilipopamba moto, milio ilifika mpaka kwetu. Papa alitazama upande wa Bukavu, alikobaki dada yake, kisha akasogeza farasi wake. Hatukuwa na la kufanya.

Mambo yalipotulia, shangazi akiwa salama, alipita mjini Kamembe Mbelgiji mmoja mwenye cheo cha juu kabisa katika sataranji. Alikubali kucheza nasi wachezaji wote wa mji kwa mpigo katika ukumbi wa parokia. Tulikaa kwenye meza zilizopangwa duara, naye akizunguka, akisogeza kete moja hapa, moja pale. Wenzangu walishindwa mmoja baada ya mwingine. Mimi nilibaki na mfalme, ngome na askari wachache, naye vivyo hivyo. Alisimama mbele yangu kwa muda, akaguna, akaninyooshea mkono. Sare.

Tukinywa chai aliniuliza kwa Kifaransa kama nimewahi kufikiria kuishi kwa mchezo huu. Nikamwuliza yeye anaishije. Akanieleza bila kulalamika: treni, hoteli za bei rahisi, masomo kwa watoto wa matajiri wakati wa baridi, binti aliyekua yeye akiwa safarini. Alisema angechagua tena hivyo hivyo. Kama ningetaka, angenitafutia nafasi katika klabu yao huko Ubelgiji.

Nilimsimulia Papa yote. Alinisikiliza akipanga kete, kisha akauliza kwa Kiswahili chetu cha Bukavu:

"Na wewe, moyo yako inasema nini?"

"Mchezo naupenda, Papa. Ile maisha yake ndio sipendi."

"Basi ubakie sababu unapenda kubakia. Usibakie juu yangu."

Nilibaki. Baadaye niliitwa kwenye timu ya taifa, nikashindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda, nikarudi kwa wanafunzi wangu. Kila Jumamosi walimu wawili walivuka kutoka Bukavu, tukacheza hadi karibu na saa ya kufungwa mpaka. Watu huniuliza kama najuta. Najuta kidogo, hasa likizo ndefu, mvua inaponyesha na nyumba ikiwa kimya. Halafu shule zinafunguliwa.