Fundi Rejeta na Gari Lisilo na Mdomo

Ni saa moja na nusu asubuhi na fundi tayari ana maji mpaka kwenye viwiko. Amezamisha rejeta ndani ya pipa lililokatwa katikati, ameziba matundu yake makubwa kwa vipande vya mpira, na sasa anaijaza hewa kwa pampu ya baiskeli iliyochoka kuliko yeye. Anaacha kupampu. Anainama mpaka pua inakaribia maji. Kwenye kona ya chini linapanda povu moja, kisha la pili, kisha msururu mzima.

"Hilo hapo," anasema, na kupakwaruza mahali hapo kwa ncha ya msumari.

Kwa ajili ya kazi hiyo mtaa mzima wa magereji unamwita Mapovu. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Ana miaka hamsini na minne, na thelathini na moja kati ya hiyo ameitumia mbele ya pipa hili na mengine mawili yaliyooza kabla yake. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havihisi moto tena, jambo ambalo yeye analihesabu kuwa faida.

Mwandishi wa makala haya hakwenda pale kwa ajili ya matundu. Mhariri alitaka maoni ya watu wa kawaida kuhusu krosova mpya za umeme, yale magari yaliyo juu kuliko gari dogo la kawaida na madogo kuliko jipu, ambayo siku hizi yamejaa kila barabara. Yanapendeza? Yana soko? Kila aliyeulizwa mtaani alijibu kwamba hayo ni maswali ya Mapovu.

Sifa hiyo ameipata kwa jasho. Mtu akitaka kununua gari, humbeba Mapovu akaliangalie. Hulizunguka, hulipapasa, hulala chini na kulichungulia kwa tochi, kisha hutoa neno moja, ndiyo au hapana. Hapokei cha muuzaji, na hasemi sana. Watu wamekuwa wakilichukua neno lake wakaenda nalo kama lilivyo.

Anaanza na sura. Anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kinamchafua zaidi, anaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara, kwenye duka la magari lenye vioo kuanzia chini mpaka juu, ambako krosova nne zimepangwa pua zikitazama barabara.

Umbo analikubali. Anasema mabega yamejaa vizuri na magurudumu yamesogezwa kwenye kona, kwa hiyo gari linasimama kama lina miguu yake. Plastiki nyeusi iliyozungushwa juu ya matairi anaiona ni akili, kwa sababu mawe madogo hayakwaruzi rangi. Vitasa vya milango vinavyojificha ndani ya bodi anaviita ujinga wa mtu asiyewahi kubeba mtoto mkono mmoja na mfuko wa sokoni mkono wa pili. Paa limeteremka mno nyuma, na abiria mrefu atagonga kichwa. Taa nyembamba iliyokata uso mzima wa gari anasema inampendeza, halafu anakasirika kwamba inampendeza.

"Shida yangu ni hapo chini ya taa," anasema. "Gari halina mdomo."

Mdomo anaouzungumzia ni shoo, ule wavu wa mbele unaoingiza hewa kwenye rejeta. Gari la mafuta haliwezi kuishi bila huo. Krosova za kwanza za umeme zilikuja na uso mtupu, bapa, kama mlango wa jokofu. Watu walicheka. Mwaka jana likaja toleo jipya lenye shoo nzuri nyeusi, na Mapovu akavuka barabara kwenda kuiona kwa karibu. Aliigonga kwa ukucha. Ilikuwa plastiki tupu isiyopitisha hata unyasi.

"Walijua watu wanataka mdomo, wakauchora," anasema. "Na watu wakanunua. Sasa utabishana na nani?"

Nyuma ya mdomo huo wa kuchora kuna rejeta ndogo ya kupoza betri, ya aluminiamu na plastiki. Ikitoboka haizibwi, inatupwa. Hakuna shaba ya kulehemu, na hakuna kazi ya Mapovu. Zamani alikuwa anazamisha rejeta nane kwa siku na nyingine zinasubiri mlangoni. Wiki aliyotembelewa, Jumatatu alipata mbili na Jumanne moja. Kwenye kituo cha teksi kilicho mwisho wa mtaa, ambacho kilimlisha miaka yote hiyo, magari ni ishirini na mawili, na kumi na manne kati yake sasa ni ya umeme.

Kuhusu soko, hasiti. Krosova hizi zitauzika, anasema, na zitazidi. Madereva walikuwa wanaogopa kuwa wa kwanza tu. Mmoja alipojitosa, akakaa miezi sita bila kugusa oili wala plagi, wengine walifuata kwa mkumbo. Mahali pa kuchajia pamefunguliwa hatua chache kutoka kituoni. Sasa yameanza kuingia yaliyotumika, bei imeshuka, na anaamini mwenye gari la mafuta kituoni pale ana miaka mitatu ya kubaki kazini, akijikaza sana minne.

"Nililijua hilo siku ya kwanza nilipolala chini ya lile gari," anasema. Halafu anarudi haraka kwenye pipa, kama mtu aliyekanyaga mahali ambapo hakukusudia kukanyaga.

Saa nne kasorobo gari dogo la kijivu linaingia karakana likifuka mvuke kutoka kwenye boneti. Anashuka mwanamke mnene mwenye sweta la kufuma na miwani iliyofungwa kwa uzi. Ni mjane wa marehemu kaka yake Mapovu, dereva wa teksi kama alivyokuwa mumewe, na kituoni wanamwita Mama Mkubwa kwa sababu ndiye anayeamua ugomvi wao.

"Shemeji, mtoto wako analia tena," anasema, akiligonga gari ubavuni.

Ameleta chupa ya chai na vikombe viwili. Alipogundua kuwa kuna mgeni, alitoa cha tatu kwenye gari, akakifuta kwa pindo la sweta. Akamweleza mwandishi, bila kuulizwa, kwamba gari hilo ni mara ya sita linakuja hapa mwaka huu, kwamba gasketi imeungua mara mbili, na kwamba mafuta linayoyanywa ni aibu kuyataja mbele ya watu. Abiria wengi siku hizi wanachagua magari ya umeme, kwa sababu nauli yake iko chini. Binti yake mkubwa amesimamisha masomo chuo cha uuguzi kwa kukosa ada, anasubiri mwakani, kama mwakani kutakuwa na afadhali.

Hakulalamika hata kidogo. Alikuwa anasimulia tu, huku akimimina chai.

"Lakini namshukuru Mungu kwa huyu," alisema, akimwonyesha shemeji yake kwa kikombe. "Hajawahi kunitoza. Andika hilo. Watoto wana baba mdogo kweli kweli."

Mapovu alikuwa amezama ndani ya boneti, na hakutoka humo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alifungua rejeta, akaiweka kando, akamwambia shemeji yake aliache gari mpaka Alhamisi. Mama Mkubwa akaondoka kwa miguu, chupa tupu kwapani.

Hapo ndipo makala haya yalipogeuka, na mwandishi hana namna ya kulipamba lililofuata.

Mapovu alikaa juu ya tairi kuukuu. Alisema kwamba miaka miwili iliyopita, mafao ya marehemu kaka yake yalipotoka, Mama Mkubwa alitaka kununua krosova ya umeme. Kituo kizima hakikuwa na hata moja. Alikuwa amepiga hesabu zake zote, ila alisema hatoi fedha ya marehemu mpaka shemeji aliangalie gari. Wakavuka barabara pamoja. Mapovu alilizunguka, akalipapasa, akalala chini yake karibu nusu saa. Aliona betri ilivyofungwa ndani ya chuma, imezibwa vizuri kuliko rejeta yoyote aliyowahi kuiziba yeye. Hakuona pa kutoboka.

Alipoinuka, Mama Mkubwa alikuwa amesimama anamsubiri, mkoba ameukumbatia.

"Nikamwambia hapana," anasema. "Nikamwambia, shemeji, gari lisilo na mdomo litapumulia wapi? Nikamwambia dimbwi moja tu la maji, betri imekwisha. Nikamwambia miaka mitatu hakuna atakayelinunua kwako hata kwa bei ya chuma chakavu. Alikuwa ananitazama usoni, anaitikia kwa kichwa."

Mwandishi aliuliza kwa nini.

"Kwa sababu akinunua yeye, kituo chote kinanunua. Ungemwona, wote wanamwangalia yeye. Nilikuwa napigania pipa langu, bwana." Alilitazama pipa. "Na bado walinunua. Walichelewa miezi minane tu. Yule aliyejitosa wa kwanza hakuniuliza. Aliyeniuliza ni yeye peke yake."

Mama Mkubwa alirudi nyumbani siku ile na utulivu wa mtu aliyeokolewa. Wiki mbili baadaye akanunua gari la kijivu, la mafuta, lenye umri wa miaka tisa. Hilo nalo Mapovu aliliangalia, na kwa hilo alisema ndiyo.

Tangu hapo analitengeneza bure. Mkewe, ambaye hajui kisa, humtania kwamba amekuwa mtakatifu uzeeni na angeanza utakatifu huo nyumbani kwanza. Mapovu hucheka naye, kisha hulala akitazama ukuta. Anasema asingeumia sana kama Mama Mkubwa angenung'unika au kumtilia shaka, lakini kila mwezi anakuja na chai na shukrani, na shukrani hizo anazimeza kama dawa chungu isiyoponya kitu.

Inakera kumsikiliza. Inakera zaidi kwa kuwa ni mtu anayependeka, na kwa kuwa waliompa kazi ya kusema kweli ni watu wenyewe, bure, kwa imani tu. Mwandishi alifunga daftari na kumuuliza kama anataka hayo yaandikwe.

"Gazeti linatoka lini?"

Jumapili, aliambiwa.

"Andika," alisema. "Mimi peke yangu nimeshindwa miaka miwili. Nikijua linatoka Jumapili, nitapata miguu ya kwenda."

Mwandishi alimwambia kwamba ikifika Ijumaa hajamweleza Mama Mkubwa, ukurasa huu utajazwa na kitu kingine, kwa maana si haki mwanamke yule aisome habari yake mwenyewe ndani ya teksi, akisubiri abiria.

Ijumaa saa tatu asubuhi simu iliita chumba cha habari. Sauti ya Mapovu ilikuwa kavu. Alisema amemwambia Mama Mkubwa, Alhamisi jioni, alipokuja kuchukua gari. Alimwambia yote, tangu kulala chini ya krosova mpaka lile gari la kijivu, bila kukwepa.

Mama Mkubwa alisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya boneti. Hakupaza sauti. Mapovu alipomaliza, alimuuliza swali moja: "Angekuwa kaka yako ndiye anakuuliza, ungemwambia hivyo hivyo?"

"Nikamwekea ufunguo mezani," Mapovu alisema kwenye simu. "Swali hilo nimekesha nalo."

Mama Mkubwa alichukua ufunguo juu ya meza, akawasha gari, akaondoka. Vikombe vyake vitatu vya juzi vilikuwa vimeoshwa na kufunikwa kwa kitambaa kisafi. Hakuvichukua.

Mwandishi alimuuliza sasa ana mpango gani. Mapovu alisema kuna fundi wa bodi jirani yake anayeitaka ile nafasi ya karakana, na wamekubaliana. Atabaki na kona moja ya mlangoni, ya pipa na pampu. Atakachopata kwa nafasi hiyo kitakwenda chuo cha uuguzi, kwa jina la binti, moja kwa moja, bila kupitia mkononi mwa mtu. Binti akikataa, atakiacha hapo hapo chuoni mpaka atakapokubali. Hatarajii kusamehewa kwa hilo, na aliomba lisiandikwe kama jambo la kusifiwa.

Kisha akarudi kwenye habari za Mama Mkubwa.

"Asubuhi hii amepita hapa," alisema. "Bomba la juu, linaloleta maji ya moto kwenye rejeta, sikulibadilisha, nilikuwa nasubiri lifike dukani, kwa hiyo limeachia tena. Gari linafuka mvuke mpaka kioo hakionekani. Nikatoka nje nikasimama barabarani mbele yake. Amenikwepa, akaenda zake. Anaiua ile injini."

Karakana zote za mtaa ule zina mafundi, lakini hakuna mwingine wa rejeta. Mapovu anajua hilo, na Mama Mkubwa pia analijua.

"Nimeshalinunua lile bomba, na nimeweka ndoo ya maji mlangoni," alisema. "Akisimama, sitamsemesha. Nitamwekea maji tu aende."